Glavu za Kufungulia Friji

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nafungua friji nikiwa nimevaa glavu za kuendeshea baiskeli. Naanza na hilo kwa sababu huenda wewe unayesoma umeanzishiwa juzi dawa ileile niliyopewa mimi, na hakuna aliyekuambia kwamba pakiti ya maziwa itakuwa adui yako. Sina ushauri mwingi. Kipimo cha mwisho hakikuonyesha kitu, na daktari aliposema "kwa sasa" aliyasema maneno hayo polepole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto. Lakini wakati ule wa kungoja nilitafuta mahali popote ambapo mtu ameandika kwa Kiswahili jinsi siku zinavyokwenda, sikupata. Nilipata maombi. Nilipata juisi za majani. Kwa hiyo naandika.

Jina langu ni Kwamboka. Naishi Laurel, Maryland, na mama yangu, katika nyumba ya kupanga iliyo ghorofa ya tatu, karibu na reli. Mama ni mtunza wazee. Mimi nilisoma biolojia chuoni, na sasa kazi yangu ni kukagua takwimu za watu wengine kwenye kompyuta na kuwauliza wamezipata wapi. Ni kazi inayonifaa. Mama husema nilizaliwa nikiuliza mkunga ana cheti gani.

Na mimi ni mwendesha baiskeli. Si wa mashindano, wa Jumamosi. Wengi wa aina yangu huiingiza baiskeli ndani majani yakishapukutika na huitoa tena maua yakichanua. Mimi na Bahati tulikuwa tunaanza kufurahi hapo wengine wanapoacha. Bahati ni mwanamume wa Bukavu, Kongo, anapika kwenye nyumba ya wazee huko Columbia, ana miaka arobaini na kitu na miguu kama nguzo za umeme. Tulijuana barabarani: mnyororo wangu ulikatika, akasimama, akaniuliza kwa Kiingereza kibovu kama nahitaji msaada, nikamjibu kwa Kiingereza kizuri kwamba sihitaji, kisha akasonya kwa namna ambayo haifundishwi Marekani. Nikamuuliza, "We ni wa wapi?"

Baiskeli wakati wa baridi ina maarifa yake. Unavaa mfuko wa nailoni wa mkate juu ya soksi kabla ya kuvaa kiatu. Unatia gazeti kifuani, chini ya jaketi, upepo usikuchome ukiteremka. Chupa ya maji unaigeuza kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa ukiganda huna cha kunywa. Mimi nilitia chai ya tangawizi. Tulitoka Laurel kukiwa bado kuna kiza chepesi, tukavuka mto Patuxent, tukashika zile barabara za vilima kuelekea Columbia, penye mashamba ya farasi, na chumvi iliyomwagwa dhidi ya barafu ilituparaza usoni kila lori lilipopita.

Vidole vilikufa ganzi kila safari. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, kama jasho. Tukifika kwenye mkahawa tulikuwa tunakumbatia vikombe kwa mikono yote miwili na kungoja damu irudi, na damu ikirudi inauma kiasi cha kukuliza. Bahati aliita maumivu hayo *les aiguilles*, sindano.

"Sindano zimefika?" alikuwa ananiuliza huku amefumba macho.

"Zimefika."

"Basi uko mzima. Kunywa."

Kumbuka hizo sindano. Nitazirudia.

Mama hakuzipenda Jumamosi zangu. Alikulia Nyamira, kwenye vilima vya chai, na kwa Mama baridi ni kitu kinachoingia. Inaingia kwa nyayo, inapanda, inakaa kwenye mifupa. Kila Jumamosi alikuwa anasimama mlangoni na khanga mabegani akiniangalia nikifunga viatu.

"Kwamboka. Hausikii baridi?"

"Sisikii, Mama."

Nilikuwa nasikia. Nilikuwa natetemeka mpaka meno. Lakini nilikuwa na shahada ya biolojia na nilishamweleza mara nyingi kwamba baridi haimletei mtu ugonjwa. Kinachomletea ugonjwa ni hiki na hiki. Alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Sawa. Vaa soksi ya pili."

*

Ugonjwa ulianzia mlimani. Mwisho wa kiangazi, kwenye kile kilima kirefu baada ya mto, nilianza kuachwa. Mwanzoni kidogo, kisha Bahati akawa ananingoja kileleni ameshuka kwenye baiskeli, anakula ndizi.

"Leo unabeba nani ku mugongo?" aliniuliza.

Nilicheka nikamwambia nabeba shahada yangu. Nilibadilisha gia. Nilibadilisha matairi. Nilikula nyama nyekundu. Damu niliyoiona chooni niliipa sababu ya tandiko gumu, na daktari wa kwanza niliyemwona akakubaliana nami haraka kuliko nilivyotaka. Nilikuwa kijana, nina mapigo ya moyo ya mwanariadha, kitu gani kingenipata? Mimi ninayemuuliza kila mtu amejuaje, hilo sikuuliza. Sina dini, au nilidhani sina. Nilikuwa nayo moja: niliamini miguu inayopanda kilima inalipia kila kitu. Ukiwa na imani ya namna hiyo huiiti imani. Unaiita mazoezi.

Waliuona uvimbe kwenye utumbo mpana majani yalipoanza kuwa mekundu. Walinipasua majani yakiwa chini. Nilipozinduka Mama alikuwa ameshika unyayo wangu, ameufunika kwa viganja vyake viwili, na jambo la kwanza alilosema, badala ya pole, lilikuwa, "Miguu yako ni barafu."

Kisha wakasema kuna tezi zilizoguswa na kwamba lazima dawa. Kila baada ya wiki mbili, majira yote ya baridi, hadi maua.

*

Chumba cha kungojea kliniki ya Columbia kina samaki. Sijui nani aliamua kwamba wagonjwa wa saratani wanahitaji samaki. Kuna runinga ambamo watu wanabomoa jikoni zao nzuri ili wajenge jikoni nyingine. Kila mtu anamwangalia kila mtu kwa siri: yule amekonda, yule kofia, yule alikuwa na mkewe mara ya mwisho na leo yuko peke yake. Nilikuwa mdogo kuliko wote. Wazee walikuwa wananitazama kwa huruma ambayo ilinikasirisha, kisha nikaizoea, kisha siku moja nikaitafuta usoni mwa mzee mmoja nikaikosa, akawa ananitazama kama mwenzake tu. Hapo ndipo nilipojiona kwenye kioo cha samaki.

Nesi wangu aliitwa Rehema, Mtanzania wa Morogoro. Aligundua sisi ni watu wa Kiswahili kwa kumsikia Mama akinisema. Siku ya dawa ya kwanza alinichoma sindano kwenye kile kidude walichokizika chini ya ngozi ya kifua, akafungulia dripu, akaketi kwenye kiti chake cha kazi chenye magurudumu kutupa masharti.

"Dada, hii dawa haipatani na baridi. Usinywe kitu cha baridi. Usiguse kitu cha baridi, hata chuma. Ukitoka nje funika mdomo na pua, usivute hewa ya baridi. Ndani usitembee peku. Vaa soksi."

Mama alisimama.

"Sista, hebu rudia. Rudia polepole, huyu asikie."

"Asivute hewa ya baridi, mama."

"Na?"

"Avae soksi."

"Soksi!" Mama alinigeukia. "Umesikia? Ni kitabu gani umesoma? Mimi nimesema haya tangu uzaliwe, bila hata hicho kiti cha magurudumu!"

Rehema alicheka mpaka akashika dripu. Na mimi nilicheka. Mwanamke wa kiti cha pili, Mmarekani mnene asiyejua neno hata moja, akacheka kwa sababu sisi tunacheka. Nakueleza haya ili ujue kwamba mle ndani watu hucheka. Rehema aliniletea blanketi kutoka kwenye kabati linalopasha moto mablanketi, akanifunika hadi kidevuni, na nikafikiri: haya, hili naliweza.

Nilipotoka kwenda garini nilisahau kufunika mdomo. Pumzi moja tu. Koo lilijifunga kama mtu amelikaba, nikawa nimesimama kwenye maegesho nikivuta na hakuna kinachoingia, au inaingia lakini mwili hauamini. Mama alivua khanga akanizungushia usoni. Hakusema "si nilikuambia." Nilipopumua tena, khanga ilikuwa inanukia kitunguu na mafuta ya nazi, na yeye alikuwa analia.

*

Mambo yalikwenda hivi. Siku ya dawa, kisha siku mbili na pampu ya dawa ya pili kiunoni, inanguruma kila baada ya muda kama paka mgonjwa. Unalala nayo, unaoga kwa shida, unaivua. Kisha siku za kitanda, ambazo kila kitu kina ladha ya sarafu. Kisha baridi inalegea, unaweza kugusa kitasa, unaweza kula chungwa lililokaa mezani usiku kucha. Siku chache za kuwa mtu. Kisha Columbia tena, samaki tena.

Nywele hazikuanguka zote, zilipungua tu, na Mama akawa ananisuka taratibu akificha zilizobaki kwenye kitana. Mapaja yangu yaliisha. Waendesha baiskeli tuna mstari pajani, suruali fupi inapoishia na jua linapoanzia. Hata kwenye ngozi yangu ulikuwepo, mweusi chini, kahawia juu. Niliuona ukififia wiki baada ya wiki mpaka siku moja bafuni sikujua tena ulikuwa wapi. Nililia kwa ajili ya huo mstari kuliko nilivyolilia utumbo.

Bahati aliniletea chuma cha kufungia gurudumu la nyuma, ili niweze kukanyaga pedali sebuleni bila kwenda popote. Alikifunga mwenyewe mbele ya dirisha linaloangalia maegesho. Mama alikitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi ndani.

"Bahati, hii itapiga kelele?"

"Kidogo tu, Mama. Kama cherehani."

Ilipiga kelele kama kinu. Siku njema nilikanyaga, jaketi mwilini, nikiangalia theluji ikijaza alama za matairi huko chini. Jumamosi Bahati alikuwa anapita chini ya dirisha na baiskeli yake kabla ya kwenda, anapiga kengele mara moja. Mwanzoni lilikuwa jambo zuri. Baadaye nilikuwa nazima taa ili adhani nimelala.

Kwa Mama mambo yalikuwa mazito. Alihamia zamu za usiku ili mchana awe nami. Alikuwa analala kitini, viatu mguuni. Watu wa ibada yao ya nyumbani, Wakenya wenzetu, walikuwa wanakuja Jumapili na sufuria na nyimbo. Sikuwachukia. Chapati zao zilikuwa za moto na ndizo kitu pekee nilichoweza kumeza. Lakini siku moja, nikiwa chumbani, nilimsikia mmoja akisema, "Ni hii baiskeli, Mama Kwamboka. Mtoto wa kike kwenye baridi miaka yote hiyo." Na nikamsikia mama yangu akijibu, "Labda."

Walipoondoka nilitoka.

"Mama, umewaambia baiskeli ndiyo imeniletea saratani?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema labda."

"Ulitaka niseme nini?"

"Useme hatujui! Useme hakuna sababu! Ilitokea tu."

Alikuwa anafuta meza. Aliendelea kuifuta mahali palepale.

"Wewe unaweza kukaa na kitu hakina sababu," alisema. "Ulisomea hiyo. Mimi siwezi. Nikikosa cha kulaumu nitajilaumu mimi niliyekuzaa. Ni hivyo unataka?"

Nilirudi chumbani. Nimetafuta jibu la swali hilo mwaka mzima sasa. Hakuna ninachoweza kumkagulia mtu hapo.

*

Katikati ya majira, ganzi ilibadilika. Zamani ilikuja na dawa na kuondoka kabla ya dawa inayofuata. Sasa ilianza kubaki, kwanza ncha za vidole, kisha nyayo. Rehema alikuwa ananiuliza kila mara kabla ya kufungulia dripu, na mimi nilimjibu kwa ujuzi.

"Ipo, lakini hii naijua. Waendesha baiskeli tunaipata kila baridi. Inarudi."

Aliweka kalamu chini.

"Dada Kwamboka, nisikilize. Hii siyo hiyo. Fumba macho."

Nikafumba. Alinipa kitu kiganjani akaniambia niseme ni nini. Nilikizungusha. Nilisema ni kifungo cha shati.

"Fumbua."

Ilikuwa pete yake ya ndoa.

Usiku ule nyumbani nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mkahawani, nikangoja sindano. Nikasema zitakuja. Chai ilipoa mkononi. Niliona kwa macho kwamba ngozi imekuwa nyekundu kwa joto, na sikuwa na habari.

Daktari alinieleza kwa uwazi, namshukuru. Tunaweza kuacha hii dawa isiyopatana na baridi na kuendelea na ile ya pampu peke yake, tuokoe kilichobaki cha mikono na miguu. Au tunaweza kumaliza yote kama ilivyopangwa, na mikono iwe itakavyokuwa. Kuacha huenda kukaongeza kidogo uwezekano wa ugonjwa kurudi. Huenda kusiongeze.

"Mmejuaje?" nilimuuliza.

"Tunajua kwa watu wengi," alisema. "Kwa mtu mmoja hatujui."

Takwimu ndiyo kazi yangu, na siku hiyo nilizichukia kama mtu anavyomchukia rafiki asiyefika msibani.

Mama alikuwa na jibu kabla hatujafika garini. "Maliza dawa."

"Mama, siwezi kufunga kifungo."

"Mimi nitafunga. Nitafunga vifungo hadi nife. Maliza dawa, Kwamboka. Mikono utaifanyia nini kaburini?"

"Na baiskeli?"

Alisimama kwenye maegesho yaleyale.

"Unanipimia uhai wako na baiskeli?"

Sikuwa napima hivyo. Au nilikuwa. Kazi yangu ni vidole, chakula ni vidole, uso wa mama yangu ni vidole. Lakini nilipofikiri neno "mikono" nilichokiona ni breki. Nilikuwa naiona mikono yangu ikiwa juu ya breki, tukiteremka kuelekea mtoni, barafu ikimetameta kando, na vidole viwili vikijua vyenyewe kiasi gani cha kubana bila mimi kuviambia. Huko ndiko nilikokuwa nimeweka nafsi yangu. Ungekuwa wewe ungeona kitu kingine, na sikuambii ni kipi kikubwa.

Bahati nilimuuliza chini ya ghorofa, nikiwa nimejifunika uso kama mwizi.

"Dada, miye siwezi kukuambia. Nikisema acha, na ugonjwa unarudia, nitakuwa nimekuua. Nikisema endelea, njo vile vile." Akagusa usukani wa baiskeli yake. "Ila miye nitakungojea kule juu. Na mikono ao bila mikono."

Niliacha. Nilisaini mwenyewe, herufi zikiwa kama za mtoto wa chekechea. Mama alikaa wiki nyingi bila kunisemesha isipokuwa kuniambia chakula kiko mezani.

*

Sasa nakuambia jambo ambalo daktari aliniambia na mimi sikulisikia vizuri. Ukiacha dawa, ganzi haiachi siku hiyo. Inaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi. Alinieleza mara mbili, na mara ya pili nikamwelewa kabisa, kwa sababu kila mwendesha baiskeli anajua: ukiacha kukanyaga pedali, gurudumu haliachi. Linakwenda na mteremko wake.

Likaenda. Watu walikuwa wanapanda treni ya Metro kwenda mjini kuangalia miti iliyochanua maua, na mimi nilikuwa naangalia miguu yangu ili nijue kama imegusa sakafu. Nilivunja vikombe vyote vya buluu. Nilijichoma kwa pasi, nikajua kwa harufu. Mama alianza kunisemesha tena siku ile ya pasi. Alinipaka dawa, akapuliza juu ya kidonda kama nilivyopuliziwa nikiwa mdogo, na mimi nikamwacha apulize.

Kiangazi kipimo kikawa kisafi. Watu wa ibada waliimba. Bahati alileta sambusa. Nilikaa katikati yao nikijaribu kufurahi na kitu pekee nilichokuwa nafikiri ni kwamba nimebaki hai pasipo mikono, na kwamba ugonjwa ukirudi nitakuwa nimepoteza vyote viwili, na kwamba hakuna nitakayeweza kumuuliza kama niliamua vizuri. Labda ningemaliza dawa mikono ingekuwa hivi hivi. Labda dawa niliyoipata kabla ya kuacha ilitosha kuniponya. Mtu mmoja hana takwimu.

Nilijaribu barabara wakati wa joto. Bahati mbele, akinyoosha mkono kila njia panda ili nipate muda, kwa sababu sasa lazima niangalie vidole vyangu kwa macho ili nijue viko wapi juu ya breki, na ukiangalia vidole huangalii barabara. Kwenye taa za kwanza mguu wangu haukujua kwamba umetoka kwenye pedali. Nilianguka kama gunia, nikiwa nimesimama tayari. Dereva mmoja alishuka kuuliza kama niko salama. Nilimwambia ndiyo. Bahati aliinyanyua baiskeli, akalinyoosha tandiko, hakutania. Hapo ndipo nilipojua ni mbaya, kwa vile hakutania.

*

Ni baridi tena. Tangu wiki iliyopita wanamwaga chumvi barabarani. Friji nafungua kwa mikono mitupu. Baridi haina la kunifanya tena, kwa sababu haipati pa kunishika. Nikitoka nje navuta hewa kifua kizima. Hicho nimepewa, na nimekihesabu miongoni mwa rehema, pamoja na mablanketi ya Rehema na sufuria za watu ambao siamini wanachoamini. Kama uko katikati ya dawa sasa hivi, jua kwamba koo litafunguka. Vidole sijui. Waambie manesi mapema, na usiseme "hii naijua."

Jumamosi hii nilimwambia Bahati nitashuka. Si vilimani. Kuzunguka ghorofa letu tu, kwenye lami tambarare, yeye akiwa pembeni, polepole kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Mama alikuwa ametoka zamu, hajalala. Aliniona nikihangaika na zipu, nikiiangalia, nikiikosa, nikiiangalia tena. Alikuja akaivuta hadi kidevuni. Kisha akachukua glavu.

Kuvalishwa glavu ukiwa mtu mzima ni kazi ndefu. Vidole vyangu havijui njia. Alikuwa anavishika kimoja kimoja, anakielekeza, anakisukuma, anahakikisha kimefika mwisho, anakwenda kwa kinachofuata, midomo imebana kama anayetunga uzi kwenye sindano. Nilimwangalia. Ni kwa kuangalia tu nilijua amenishika.

Chini, Bahati alipiga kengele mara moja.

Mama alifunga utepe wa kiganja, akapiga glavu kofi dogo, akaniangalia usoni. Swali lilikuwa lilelile.

"Hausikii baridi?"

"Nasikia, Mama," nikamwambia. "Nasikia sana."

Akaitikia kwa kichwa, akavua khanga mabegani, akanifunga shingoni.